Nikilazwa ghafla, duka na uwakala viendeleeje? Naomba ushauri

MamaDuka_Moro
Wakuu, habarini za majukumu. Nina duka la rejareja na uwakala wa pesa hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Nina ujauzito wa miezi sita, presha inapanda na kushuka, na daktari ameshasema nijiandae: wakati wowote wanaweza kunilaza hadi nijifungue. Mume wangu ni dereva wa lori, akivuka Tunduma kuingia Zambia hajulikani atarudi lini. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, anashinda nami dukani, mwaminifu na hesabu anaziweza.

Tatizo ni kwamba bei za kununulia, nani nimpigie mzigo ukiisha, nani anakopesheka, vyote viko kichwani mwangu. Mwajiriwa sheria inampa siku 84 za uzazi kwa mshahara, mimi nikifunga leo, leo hakuna kitu. Na wateja wa uwakala wakikuta mlango umefungwa mara mbili tatu, wanahama. Nianzie wapi?

MzeeWaJumla
Pole dada, Mungu akujalie ujifungue salama.

Nunua kaunta buku. Usihangaike kuandika kila kilichomo dukani, andika vile vinavyotoka kila siku: sukari, unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, viberiti. Kila kimoja na bei ya kununulia, bei ya kuuzia, kinanunuliwa kwa nani, na kikibaki kiasi gani aagize. Kwa mfano: "Sukari, ikibaki robo ya kiroba, agiza kiroba kimoja." Hapo hata mtu asiyeijua biashara yako anajua la kufanya.

La pili, na hili watu hawalifikirii: mpeleke huyo binti soko la Kingalu ukamtambulishe kwa wote wanaokupa mali kauli, yaani mzigo unaolipia baadaye. Sisi wa jumla tunakopesha sura. Ukinipigia simu kutoka wodini kwamba nimpe mdogo wako viroba vitatu, na huyo mdogo simjui, nitasita, maana matapeli wa simu wamezidi. Mkubaliane kabisa mbele yake mwisho wa deni ni shilingi ngapi.

Ifakara_Boy
Funga tu dada, afya kwanza. Biashara utaikuta.

MamaDuka_Moro
@Ifakara_Boy asante kaka, afya naitanguliza. Ila kodi ya fremu nimelipa ya miezi sita, na pesa ya kujifungulia inatoka humo humo dukani.

WakalaDodoma
Kwenye uwakala ndiko pesa inakopotelea, kwa hiyo nitaongea kirefu.

Nenda naye kwa wakala mkuu wako au duka la kampuni ya simu, uliza utaratibu wa kumtambulisha kama mhudumu wako. Laini ya uwakala ibaki dukani, laini yako binafsi uende nayo hospitali, na namba yako ya siri ya binafsi asiijue mtu. Ya laini ya uwakala utaibadilisha siku ukirudi.

Punguza mtaji. Kama unazungusha milioni mbili, mwachie 600,000. Asubuhi anaandika floti (pesa iliyo kwenye laini ya uwakala) na taslimu, tuseme floti 350,000 na taslimu 250,000. Hata ahudumie watu mia, jioni floti na taslimu zikijumlishwa zirudi 600,000. Ikipungua 10,000, anaitafuta usiku huo huo kwenye meseji za miamala, muamala kwa muamala. Ikilala siku tatu huipati tena. Pesa ya duka isiingie kabisa kwenye hesabu hii, kila moja na droo yake.

Na amkatalie kila mpiga simu anayesema "nimekosea kutuma, nirudishie". Aangalie salio kwanza, sio meseji, kisha ampigie huduma kwa wateja.

BintiSheria
Kuna vitu viwili watu wanavichanganya.

Ukiwa hai lakini hujiwezi kutoka, unahitaji hati ya uwakilishi. Wakili anaiandaa, unasaini mbele yake, na iseme wazi unayempa mamlaka afanye nini: kutoa pesa kwenye akaunti fulani, kusaini mkataba wa fremu, kwenda TRA kwa mambo ya kodi. Ipeleke benki ukiwa bado unatembea, wengine wana fomu zao wenyewe. Kwa kuwa mume yuko barabarani, fikiria ndugu aliye Morogoro.

Hati hiyo nguvu yake inaisha aliyeitoa akifariki. Hapo ni mirathi, mahakama inateua msimamizi, na akaunti yenye jina lako peke yako inasubiri. Sikutishi mama, ila wosia unaandikwa na kuhifadhiwa RITA, ofisi ya serikali ya usajili na udhamini, na mtu mzima mwenye duka na watoto anastahili kuwa nao.

Kuhusu TRA: awamu za kodi ya makadirio zinaishia Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mauzo yakishuka unaruhusiwa kupeleka makadirio mapya, usiache deni likae kimya. Angalia pia leseni ya biashara inaisha lini.

Gikomba_Mtumba
Niko Nairobi, soko letu la Gikomba limeungua mara nyingi. Jirani yangu moto ulimchukulia mzigo pamoja na daftari la madeni, na waliokuwa na deni lake wengi walinyamaza. Jioni huyo binti apige picha kila ukurasa ulioandikwa na akutumie WhatsApp. Utakuwa unasoma hesabu kitandani bila kumpigia kila saa.

MamaDuka_Moro
Mungu awabariki. Je, akopeshe wateja nikiwa sipo?

MzeeWaJumla
Waandikie majina kwenye jalada la ndani la kaunta buku, wale wachache unaowaamini, kila mmoja na kiwango chake. Mwingine yeyote amjibu, "Dada hajaniruhusu." Binti mdogo anahitaji neno hilo, watu wazima watambana.

Halafu fanya jaribio ukiwa bado mzima. Kaa nyumbani Jumatatu nzima, usipokee simu ya dukani. Kila anachotaka kukuuliza akiandike. Jioni utajua ni nini bado kipo kichwani kwako.

WakalaDodoma
Naongezea, huyo mdogo wako utamlipa shilingi ngapi? Mtajie kabla hujalazwa, na umlipe kwa tarehe. Atakayekaa na pesa za watu kutwa nzima asikae bila hela yake mfukoni.

MamaDuka_Moro
Nimeshaongea naye sasa hivi, tumekubaliana kwa wiki na sio kwa mwezi, yeye ndiye kapendekeza. Kesho asubuhi tunaenda Kingalu, Jumatatu nabaki nyumbani. @BintiSheria, hati hiyo naweza kumpa shangazi yangu aliye Kihonda, au lazima awe mume?

BintiSheria
Shangazi anafaa, mradi ni mtu mzima mwenye akili timamu na amekubali. Mwandalie kitambulisho chake cha NIDA.