Mafuta gani ya kubeba mlimani, na unayabebaje?

mguu_pole: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Tunajipanga kutembea mlimani siku kadhaa, njiani hakuna pa kununua kitu, kila kitu kipo mgongoni. Begi limeshakuwa zito na maji bado sijaweka. Nimeambiwa nipunguze wali na tambi niongeze mafuta, sasa ni mafuta gani yanakaa bila friji na nayabebaje yasije yakamwagikia nguo?

kambi_ya_juu: Aliyekwambia yuko sahihi mkuu. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, wanga na protini ni 4 tu, yaani gramu 100 za mafuta ya kupikia ni karibu kalori 900 wakati tambi kavu za uzito huohuo hata 400 hazifiki. Ila wanga usiuache kabisa, kwenye mwinuko mkali ndo mwili unaoutegemea kwa sababu unatoa nguvu haraka, mafuta yanakawia kusagika. Mchana tafuna tende na biskuti, mafuta mengi yaweke kwenye chakula cha jioni.

dada_wa_njia: Mimi nakushauri samli. Siagi ya kawaida ina maji na mabaki ya maziwa ndo maana inaharibika upesi, kwenye samli hivyo vimeshatolewa. Mafuta ya nazi nayo yanakaa sana, ila yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, asubuhi unayachota na kijiko kama nta alafu jua likipanda yanakuwa maji matupu, kwa hiyo usidanganyike ukayafunga kwenye kimfuko eti ni magumu. Ya zeituni pia mazuri, kwenye baridi kali yanaganda, hapo usiku lala na kachupa karibu na mwili.

Chupa iwe ya plastiki ngumu, kifuniko cha kusokota. Kila ukimimina futa mdomo wake kwa tishu ndo ufunge, alafu tia kwenye mfuko wa zipu na uisimamishe wima begini, maana ukizidi kupanda presha ya nje inashuka, hewa ya ndani inatanuka na chupa ikiwa imelala inasukuma mafuta nje. Mkipumzika fungua kidogo itoe hewa, usisubiri mpaka kambini.

mguu_pole: Asante sana dada, hilo la presha sikulijua kabisa. Na karanga je?

kambi_ya_juu: Beba, tena nyingi! Karanga, korosho, lozi, siagi ya karanga, zote hazihitaji moto kwa hiyo unaokoa na gesi. Zionje kabla ya kufungasha, zikiwa na ukakasi mafuta yake yameshachacha, acha.

dada_wa_njia: Na mafuta ya chakula cha jioni mimina ukishaipua sufuria, kijiko kimoja kwa kila sahani, hapo hata kuosha sufuria inakuwa rahisi na maji ya baridi. Anza kula hivyo nyumbani kabla ya safari, tumbo ambalo halijazoea litakusumbua huko na choo kipo mbali.