Mtoto wa miezi 14 hajakaa, mazoezi ya mara moja kwa wiki yanatosha?

Mama Neema, Nkuhungu
Habari za humu wazazi wenzangu. Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi miwili. Alizaliwa akachelewa kulia, akawekewa oksijeni. Mpaka leo hakai bila kushikwa, na nikimvalisha nepi miguu inakakamaa na kupishana. Hospitali wamesema ni mtindio wa ubongo, tumeanzishiwa mazoezi tiba mara moja kwa wiki. Nauli, foleni, halafu mazoezi yenyewe nusu saa. Mama mkwe anasema nimwache, baba yake naye alichelewa. Hiyo nusu saa inasaidia kweli? Na hatamki hata "mama", nimpeleke wapi?

Mama Baraka, Kizota
Pole mdogo wangu, na hongera kwa kumpeleka mapema. Mkwe mheshimu, ila kwa hili usimsikilize. Watoto wengi hukaa wenyewe kabla ya kutimiza miezi 9, na miguu kukakamaa namna hiyo hakuhusiani na kuchelewa kwa baba yake.

Wangu ana miaka 7, tatizo ni hilohilo. Nusu saa ile ni darasa lako wewe mama. Mtaalamu akimshika muulize: mkono umeuweka wapi, na kwa nini hapo? Kisha omba umshike wewe, yeye akuangalie. Hata akiwa na haraka, ng'ang'ania. Siku zote zilizobaki mtoto yuko mikononi mwako.

Chukua mfano wa kumlisha. Huku kwetu mtoto hunyweshwa uji amelazwa pajani, kichwa nyuma. Hawa wetu ndipo wanapopaliwa, na uji ukiingia njia ya hewa unaleta nimonia. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito, kijiko kije kwa mbele usawa wa mdomo. Weka kidogo, subiri ameze. Itachukua muda, usimharakishe.

Kukaa, wangu alijifunzia kwenye beseni la kufulia, vitenge vilivyokunjwa nimevizungushia kiunoni, mbele vifuniko vya ndoo avigonge. Akianza kulalia upande, namtoa. Na kumbeba mgongoni endelea, miguu ikitanuka kiunoni mwako hayo nayo ni mazoezi.

Kuongea: kwanza omba apimwe masikio, maana waliochelewa kulia wengine usikivu wao huathirika. Halafu mwonyeshe kikombe na ndizi, muulize anataka kipi, unyamaze. Unyamaze kweli! Wangu alikuwa anachagua kwa macho, dada yake anawahi kumjibia mpaka tukamkataza. Akitazama kikombe, mpe, ukikitaja. Hapo mtoto ameshaongea na wewe.

Mtaalamu wa mazoezi tiba
Namuunga mkono Mama Baraka. Naongeza kuhusu nepi: usivute nyayo kutenganisha miguu, misuli itakaza zaidi. Kunja kwanza nyonga na magoti, tulia kidogo, kisha tenganisha ukishika magotini. Ukiona anashtukashtuka au anakodoa macho ghafla, mwambie daktari, huenda ni kifafa na kina dawa.

Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno. Ulizia tiba kazi hapohapo hospitali, wao hushughulika na ulaji, mikono na michezo. Wenye ndugu Dar wengine huenda hospitali ya CCBRT.

Baba Siwema, Bahi
Sisi nauli ilitushinda, tukamweleza mtaalamu wazi. Akatupangia tarehe za mbali kidogo na mazoezi ya nyumbani, akaturuhusu kumrekodi kwa simu. Bibi yake Siwema hajui kusoma, ila ile video ameitazama mpaka sasa anatukosoa sisi. Mwonyeshe na mama mkwe wako. Gharama zikikubana nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, chini ya miaka 5 kuna msamaha kwenye hospitali za serikali.

Mama Neema, Nkuhungu
Asanteni sana jamani, nimesoma na machozi. Kesho ndiyo siku yetu, naenda na mama mkwe. Dada Mama Baraka, uji mzito kiasi gani?

Mama Baraka, Kizota
Ukiinamisha kijiko ushuke polepole kwa bonge, usitiririke. Picha ya beseni nakutumia jioni.