Nimelipa elfu tatu kusoma mwinda majini wa Mwanza, nimeishia kumsoma bibi yangu akikatwa mapanga

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna hii simulizi ya kutisha inayozunguka kwenye magrupu, ya komando mstaafu anayewinda majini kando ya Ziwa Victoria. Sehemu kumi za mwanzo ni bure, na tamu kweli, haki yake simnyimi. Lile jini la chooni lilinifanya niende msalani na tochi mbili, mtu mzima mwenye watoto. Ya 11 ukiitaka, tuma buku. Nikatuma. Ya 21, buku. Ya 31, buku tena. Sawa, arosto ina bei yake.

Ila huyu mtunzi Mwanza hapajui. Kama alifika, basi alilala gesti akaondoka na basi la alfajiri. Sehemu ya 14 mwezi umejaa, ziwa linang'aa kama sinia, wavuvi wa dagaa wametapakaa majini, jini linawanyakua mmoja mmoja. Wavuvi gani hao? Nimepiga kazi Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, miaka sita. Dagaa anafuata taa, na taa yako haina kazi, kama juu kuna taa kubwa kuliko yako. Mwezi ukijaa mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanakunywa, wanadaiana. Giza likirudi ndipo unaona taa zimejipanga kule mbali, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Na huko ndiko kwenye kutisha, ndugu mtunzi! Taa inamulika kiduara kidogo cha maji, nje ya hapo ni weusi mtupu, halafu unasikia kitu kizito kimejipindua chini ya mtumbwi. Wote kimya. Hakuna anayeuliza. Hofu ya bure hiyo, ameiruka akakimbilia mbalamwezi ya sinema.

Sehemu ya 19 komando anapigana na jini juu ya kivuko cha Kigongo, na hadithi anasema ni ya mwaka huu. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, magari yanapita juu kwa juu. Halafu jini lenyewe, nyumbani kwa Msukuma wa Misungwi, linadai halwa, ubani na marashi ya waridi! Kwetu mtu akizidiwa utasikia wanataja masamva, yaani mizimu ya mababu, wanakwenda kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, na kuku, kuku anapasuliwa anasomwa. Hilo la marashi lilipanda treni kutoka pwani?

Hayo yote nilikuwa nayacheka. Sehemu ya 38 ndiyo iliyonitoa usingizini.

Komando anaingia kijijini usiku. Anamjuaje mwenye jini? Macho mekundu. Anamkuta kikongwe jikoni, peke yake, macho mekundu. Panga mara tatu. Bibi anageuka moshi, kijiji kinashangilia, na kwenye grupu watu wanatupia alama za moto.

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, mnanielewa. Hapa kwetu hiyo si hadithi. Wakata mapanga walikodiwa kweli, wakagonga milango ya vikongwe walioitwa wachawi kweli, na ushahidi ulikuwa huo huo, macho. Mwaka 2009, mauaji ya wenye ualbino yalipopamba moto na vikongwe nao wakiuawa, serikali ilifika hadi kuwapiga marufuku waganga wa jadi nchi nzima.

Bibi yangu wa Kwimba alikuwa na macho hayo. Kuni za kuokota hakuna, kwa hiyo alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, mafiga matatu, kijumba cha nyasi kisicho na dirisha. Sisi watoto tulilala kifudifudi sakafuni, maana kule chini moshi haufiki. Yeye hakuwa na namna, ugali hausongwi umelala. Uso uko juu ya chungu, machozi anafuta kwa ncha ya kanga, anaendelea kusonga. Miaka na miaka. Babu alipofariki ghafla, maneno yakaanza kisimani. Kisha akaokota jiwe limefungwa kitambaa mlangoni, hakuna aliyemwambia maana yake na hakuuliza. Baba alimfuata kwa baiskeli kabla hakujapambazuka, akamleta Igoma na furushi moja na kuku wawili. Huku akapikia mkaa, uani, hewani. Baada ya muda macho yakaanza kupoa. Sasa niambieni, ni jini gani linalofukuzwa na jiko la mkaa?

Nilimwandikia mtunzi faragha usiku ule ule, kwa adabu, nikamweleza haya, nikamwomba sehemu hiyo aibadilishe. Mbona majini yako tele, mwache bibi. Akajibu: "Kaka ni stori tu, kama una roho nyepesi kasome katuni." Dakika haikupita nikatolewa kwenye grupu, na sehemu zangu mbili nilizolipia zimebaki humo.

Elfu tatu yangu naitaka, ujumbe wa muamala ninao. Ila kuna jingine. Aliyebaki kwenye lile grupu, ya 39 ikitoka anitumie PM. Ya 38 iliishia komando anafuta panga, anauliza njia ya kwenda Kwimba. ITAENDELEA.