Tupeane uzoefu: walimu wa lugha, mnafanyaje wanafunzi wasisahau msamiati?

Habari walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, Morogoro. Watoto wametoka shule ya msingi walikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili, ghafla maneno mapya yanawamiminikia toka Biolojia, Jiografia, kila upande. Kuitikia kwa pamoja “go, went, gone” kunachangamsha darasa, ila wiki ya pili ukiuliza, kimya.

Kilichonisaidia ni kuwafanya walitafute neno kichwani kabla ya kufungua daftari. Kila kipindi tunaanza na maneno matano: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Hilo la zamani ndilo nalithamini zaidi. Tangu 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia kwa mkupuo.

Maneno nimeyaandika kwenye vipande vya manila, nikayapanga katika maboksi matatu ya chaki. Likipatikana linasogezwa boksi la nyuma, tutakutana nalo baadaye; likikosewa linarudi la mbele, kesho tunalo tena. Utaratibu huu aliueleza mwandishi wa habari za sayansi Sebastian Leitner mwaka 1972, na hauhitaji umeme wala kompyuta. Nyie je?

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, Unguja:
Shikamooni wakubwa. Wangu wanahangaika na ngeli. Jedwali wanalijua vizuri, wakifungua mdomo wanasema “vitabu mbili”. Siku hizi nawapeleka soko la Darajani bila daftari: mikate miwili, viazi vinne, maembe matatu, samaki wawili. Muuzaji akiwasahihisha, hawasahau. Kesho yake swali la kwanza darasani: jana ulinunua nini, na vingapi? Wanavikumbuka pamoja na bei.

Mwanafunzi, Nairobi:
Mimi nasomea Kijerumani, natafuta kazi ya uuguzi kule. Kila nomino ina jinsia yake, inayoonyeshwa na neno dogo linaloitangulia, na mwalimu wetu ametupangia rangi: der (ya kiume) bluu, die (ya kike) nyekundu, das (si ya kiume wala ya kike) kijani. Kwenye mtihani naiona rangi kwanza, ndipo neno linakuja. Lakini mwalimu wa Morogoro, ukiwa na darasa la watu sabini unasahihisha saa ngapi?

Mwanzisha mada:
Sisahihishi, ndugu yangu. Wanabadilishana karatasi na jirani, halafu nauliza neno kwa neno: nani kakosa? Mikono ikiwa mingi, kipande hicho kinabaki boksi la mbele kwa darasa zima.