Naomba ushauri: fiziotherapia au kairoprakta kwa maumivu ya kiuno?

Ndugu wanachama, salaam. Naomba ushauri kuhusu mama yangu, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 61, ambaye maumivu ya kiuno humshuka kupitia paja la kushoto hadi kwenye unyayo, na akikaa kwenye cherehani kwa muda, vidole vya mguu huo hufa ganzi. Kipimo cha picha cha MRI kilionyesha kuwa diski (tishu laini inayotenganisha pingili za uti wa mgongo) iliyo kati ya pingili za L5 na S1, sehemu ya chini ya kiuno, imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Daktari alimwandikia dawa za maumivu na kumwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, anayemfundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu kwa viwiko. Nafuu ipo, lakini inakuja polepole mno, naye ameanza kukata tamaa. Sasa ndugu wanamshauri aende kwa kairoprakta akanyooshwe mgongo kwa mikono. Binafsi nina hofu, kwani katika umri huo mifupa huweza kuwa imepungua uimara, na hajawahi kuipima.

Je, kunyooshwa huko ni salama ilhali mshipa umebanwa? Na kwa waliopitia fiziotherapia kwa tatizo kama hili, nafuu ya kueleweka ilichukua muda gani?