Naomba ushauri: kumtoa mtoto Montessori kumpeleka shule ya serikali

Habari wakuu. Binti yangu wa miaka 4 anasoma chekechea ya Montessori, mfumo ambao mtoto anajifunza mwenyewe kwa kushika vifaa. Wanachanganywa wa miaka 3 hadi 6, mitihani hakuna. Herufi anazifuatisha kwa kidole kwenye msasa, hesabu kwa shanga. Nyumbani anakunja nguo zake mwenyewe, kaka yake mkubwa hawezi! Baba yake anaiita michezo ya matajiri, ingawa Maria Montessori, mwanzilishi wa mfumo huu, alianza mwaka 1907 na watoto wa mtaa wa kimaskini Roma.

Ila ada imenishinda. Mwakani nawaza kumpeleka darasa la awali shule ya serikali, watoto wengi, kunakili ubaoni. Waliopitia hili, mtoto alizoea? Na vile vifaa, seremala wa kawaida anaweza kunichongea, au nianze na msasa na kadibodi tu?