Naomba ushauri: tahajia za kamusi ya Krapf

Habari zenu wanajamvi. Naandika makala kuhusu maisha ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Nimekwama kwenye tahajia. Hata jina la lugha yeye aliliandika "Suahili". Nilijaribu kuyageuza maneno yake yawe ya Kiswahili sanifu, nikaona nafuta matamshi ya Kimvita (lahaja ya Mombasa) aliyoyasikia kwa masikio yake, na hilo linaniuma. Nikiyaacha yalivyo, msomaji wa kawaida anapotea.

Je, niweke tahajia zote mbili au nichague moja? Na wenyeji waliomfundisha, ambao majina yao siyapati, niwaandikeje bila kubuni lolote?

Natanguliza shukrani.